Ngoma Mbili, Mitetemo Ileile

Mwaka 1835 Auguste Comte, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliandika kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimeundwa kwa kemikali gani. Hakuwa mjinga: utapimaje usichoweza kukifikia? Alifariki 1857. Miaka miwili baadaye, mjini Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walipitisha mwanga wa ndimi za moto katika mche wa kioo, wakakuta kila elementi ina mistari yake ya rangi. Sodiamu hutoa miwili ya njano iliyobanana, karibu na nanomita 589, na mahali hapohapo mwanga wa Jua una mistari myeusi. Basi Jua lina sodiamu.

Tangu hapo spektra, yaani mwanga uliogawanywa kwa rangi zake, si pambo la upinde wa mvua tena, ni namna ya kuhoji. Kitu hakipasuliwi wala hakiguswi. Kinaulizwa tu hutetemeka kwa masafa yapi, na yapi huwezi kukilazimisha kuyatoa. Kwangu mimi mapengo ndiyo yanayosema zaidi. Haidrojeni hutoa nanomita 656, 486, 434 na 410, na katikati yake kimya. Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa shule wa Uswisi, alizifunga zote katika kanuni moja, ingawa hakuna aliyejua sababu yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanahisabati David Hilbert, akiwa na milinganyo mitupu mezani, aliita spektra lile kundi la namba linalofichua tabia ya opereta, yaani kanuni inayogeuza fanksheni moja kuwa nyingine. Atomu hazikuwa hoja yake. Miaka ya 1920 fizikia ya kwanta ikaja kuonyesha kwamba mistari ya Balmer ni tofauti kati ya namba za aina hiyohiyo.

Je, orodha ya mitetemo ndiyo kitu chenyewe? Mwaka 1966 mwanahisabati Mark Kac aliuliza kama umbo la ngoma linajulikana kwa kusikia tu. Jibu lilipatikana 1992: Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert walichora maumbo mawili bapa, yenye pembe nyingi, yasiyofanana, lakini masafa yao yote ni yaleyale. Eneo linasikika, urefu wa ukingo pia, umbo linaponyoka.

Kwa hiyo hisabati haikumwahidi Bunsen chochote. Kwamba sodiamu haina pacha wa kuiga mistari yake ni jambo alilolikuta katika maumbile, na mantiki peke yake isingemzuia kulikosa.