Ukingo usioandikwa neno

Tukifika Leuven, Ubelgiji, kuupanda mnara wa kengele wa maktaba ya Chuo Kikuu (magoti yatauma!), kwanza tutazame ule ukingo wa mawe mbele ya nyumba. Hauna neno. Kwa nini?

Mwezi wa Agosti 1914 askari Wadachi waliichoma maktaba ya zamani, wakaua wakaaji 248 wa mji. Waamerika wakatoa fedha, mpya ikafunguliwa mwaka 1928. Mainjinia wao wakatoa kengele 48, ukumbusho wa wenzao waliokufa vitani. Mchoraji wa nyumba, Warren, alitaka ukingo uandikwe kwamba ghadhabu ya Wadachi ndiyo iliyoiangusha maktaba. Mkuu wa Chuo, Monsinyori Ladeuze, akakataa. Watu walikasirika hata ukingo ule mtupu ukavunjwa kwa nyundo.

Je, alificha ukweli? Twaona sivyo. Waliofiwa hatuwezi kuwaambia wasahau. Lakini kijana wa Kidachi ajaye kusoma, aliyezaliwa baada ya moto, apite kila siku chini ya shtaka lile? Kengele zawakumbuka wafu bila kumshtaki mtoto wa mtu.

Mwaka 1940 Wadachi waliposhambulia tena, maktaba iliungua mara ya pili. Ikajengwa tena. Ukingo haukuandikwa.