Aliyepika Ameketi Wapi?

Somo la wiki: Luka 10:38–42, Yohana 21:9–13, Kumbukumbu la Torati 16:13–15



Krismasi imefika mlangoni. Wengine wetu tumeshakata tikiti ya basi kwenda mashambani, wengine tutabaki hapa mjini tupokee wageni. Jogoo ameanza kuangaliwa kwa jicho lingine. Unga umenunuliwa mapema kabla bei haijaruka. Mungu wetu si adui wa chakula. Katika Agano la Kale, watu walipoitwa kusherehekea mbele za Bwana, mara nyingi waliitwa kula. Kwa hiyo leo hatuhubiri dhidi ya pilau.

Leo tuna swali moja tu, na naomba kila nyumba ilijibu kabla ya tarehe 25. Tutakapoketi mezani, yule aliyepika atakuwa ameketi wapi?

Hebu tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi jibu linajulikana. Yuko jikoni. Wageni wanapoombea chakula yeye anageuza chapati ya mwisho. Wanapoanza kula anatafuta vijiko. Wanaposema "ongeza supu," yeye ndiye anayeongeza. Na wanapomaliza na kuanza kupiga picha, anaitwa: "Mama, kuja basi tupige picha!" Anakuja akijifuta mikono kwa leso, anasimama pembeni, anatabasamu, kisha anarudi kuosha sufuria. Jioni anakula kilichobaki, akiwa amesimama, na mara nyingi kilichobaki ni mchuzi na shingo ya kuku.

Malaika aliwaambia wachungaji kwamba furaha ya kuzaliwa kwa Kristo ni ya watu wote (Luka 2:10). Je, katika hao "watu wote" aliye jikoni amehesabiwa?

Hesabu ya chapati

Sisi tunaoletewa sahani hatujui kazi hii ina uzito gani, kwa hiyo tupige hesabu. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa chapati kama 20. Mkiwa watu 20, na kila mtu akila mbili, ni chapati 40, yaani pakiti mbili. Chapati moja ikikaa kwenye moto dakika 3, hizo ni dakika 120. Saa mbili nzima mtu amesimama mbele ya jiko! Na bado hatujahesabu kukanda, kukata madonge na kusukuma. Hatujagusa kitunguu cha pilau, wala kachumbari, wala yale matumbo ya mbuzi ambayo lazima yaoshwe mpaka maji yawe safi.

Sasa weka saa hizo kwenye asubuhi ya tarehe 25. Utaona mara moja ni nani hatafika kanisani. Yule aliyeomba mwaka mzima ili watoto warudi nyumbani salama ndiye atakayekosa kusikia Neno siku ya Krismasi. Anaulizia baadaye: "Mchungaji amehubiri nini?" Na tunamjibu, "Ilikuwa nzuri sana," huku tunanyoosha sahani.

Ni zawadi au ni kodi?

Najua mtu atasema, "Lakini kupika ni kutumika, na Biblia inatufundisha kutumika." Amina. Kutumika ni kuzuri. Yesu mwenyewe alisema yuko kati ya wanafunzi wake kama mtu anayehudumu (Luka 22:27). Mama anayeamka saa kumi usiku kwa sababu anawapenda watu wake anafanya ibada, na Mungu anaiona.

Lakini tutofautishe mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Kuna kutumika, na kuna kutumikishwa. Sufuria ni ile ile, moto ni ule ule, jasho ni lile lile. Tofauti iko wapi?

Zawadi ni kitu ambacho mtoaji angeweza kukizuia, na bado akakitoa. Kama hawezi kukizuia, hicho si zawadi tena, ni kodi. Basi kila mmoja ajiulize hivi: mwaka huu mama akisema, "Wanangu, miguu inaniuma, leo pikeni nyinyi," nyumba itamjibu nini? Mke wa kaka yako akiketi chini dakika kumi pamoja na wageni, mashemeji watasema nini? Kama jibu ni "Haya mama, pumzika, sisi tupo," basi miaka yote amekuwa akiwapa zawadi, mshukuruni Mungu. Kama jibu ni kununa, maneno ya pembeni, na "huyu bibi aliolewa kufanya nini," basi msijidanganye kwamba mlikuwa mkila upendo. Mlikuwa mkikusanya kodi.

Mwingine atasema, "Mkristo hadai haki yake. Avumilie, taji iko mbinguni." Neno hilo ni kweli likisemwa na anayetumika kuhusu nafsi yake mwenyewe. Likisemwa na anayesubiri sahani, limeharibika. Msalaba mtu huuchukua kwa hiari yake. Hakuna mtu aliyepewa huduma ya kumbebesha mwenzake.

Tumemlaumu Martha kwa haraka

Tukifika Luka 10, sisi wahubiri tunapenda kuwaambia kina mama: "Usiwe kama Martha, uwe kama Mariamu." Na baada ya ibada tunauliza chakula kiko tayari? Jameni! Kama wote tutakuwa Mariamu, ni nani ataweka sufuria kwenye moto?

Soma mstari wa 40 polepole. Martha hakulalamika kwamba kazi ipo. Alilalamika kwamba ameachwa aifanye peke yake. Yesu alimkemea wasiwasi wake na kule kuhangaikia vitu vingi. Hakusema kupika ni dhambi, wala hakusema, "Na aendelee kuachwa peke yake." Alichosema ni kwamba Mariamu hataondolewa nafasi yake miguuni pa Bwana. Maana yake nafasi ya kuketi na kusikia ni ya mwanamke pia, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumnyang'anya, hata kwa sababu ya chapati.

Kisha fungua Yohana 12:2. Karamu nyingine Bethania. Martha bado anahudumu, na safari hii haulizi kitu. Kumbuka ni Martha yule yule ambaye katika Yohana 11:27 alisimama na kukiri kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Mhudumu huyo alikuwa ameshamsikia Bwana kwa masikio yake mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kushika mwiko na bado awe mwanafunzi. Tunachokosea ni kumpa mwiko na kumnyima uanafunzi.

Bwana aliyewasha makaa

Sasa ndugu zangu wanaume, tusogee karibu, hapa ni petu.

Yohana 21. Yesu ameshafufuka. Mauti imeshindwa, mamlaka yote ni yake. Wanafunzi wamevua usiku kucha na hawakupata kitu. Wanaposhuka pwani asubuhi wanakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mfalme wa wafalme ametayarisha kiamsha kinywa! Kisha anawaita waje wale, na anawagawia kwa mkono wake. Mikono hiyo ndiyo yenye alama za misumari, na siku ile ilikuwa inapeana samaki.

Utasikia, "Kwetu mwanaume haingii jikoni, ni mila." Tunaheshimu mila njema. Lakini mbona siku ya mbuzi sisi ndio tunaochoma nyama? Tunashika kisu, tunapuliza moto, tunageuza mbavu, tunajaza mutura, na tunasifiwa: "Mzee leo umechoma!" Kumbe mkono wa mwanaume unajua moto. Shida si moto. Ni kwamba kazi tunayoichagua ni ile inayofanyika nje, penye hewa na hadithi, na ile ya moshi na vitunguu tumemwachia mwingine. Hakuna andiko linalosema mwanaume akisukuma chapati anapungua. Mwambie jirani yako: sitapungua.

Na nyinyi vijana, simu haioshi vyombo.

Mama asiyetaka kutoka jikoni

Lakini wapendwa, tuwe na haki pande zote. Wako kina mama ambao jiko ndilo furaha yao. Mapishi yao ni ushuhuda, walifundishwa na mama zao, na ukiwaondoa hapo umewavunja moyo. Usimfukuze mama jikoni kwa jina la mahubiri haya. Ingia umsaidie kwa namna anayoitaka yeye, halafu mwekee kiti. Chakula kikiiva, hakuna mkono unaogusa sahani mpaka ameketi. Paulo aliwaambia Wakorintho wakikutana kula wangojane (1 Wakorintho 11:33). Kule wengine walikuwa wanashiba na wengine wanabaki na njaa katika mkutano mmoja, na Paulo hakuliita hilo jambo dogo.

Na mara nyingine, dada zangu, mzigo tumejitwika wenyewe. Tunataka aina saba za vyakula ili wifi asiseme. Tunachukua mkopo wa simu ili meza ijae, na Januari tunalia na karo. Mithali 15:17 inatufundisha kwamba mboga za majani penye upendo zinashinda ng'ombe mnono penye chuki. Aina mbili za chakula na kila mtu ameketi, ni Krismasi kamili. Aliyezaliwa siku hiyo alilazwa horini. Hatakasirika kwa sababu hakukuwa na pilau.

Na dada wa nyumbani?

Hapa tusipite haraka. Kumbukumbu la Torati 16:14 Mungu anataja kwa orodha wanaopaswa kufurahi katika sikukuu: wewe, mwana wako, binti yako, mtumishi wa kiume na wa kike, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Angalia vizuri. Mtumishi yuko kwenye orodha ya wanaofurahi, hakutajwa kama chombo cha kuwafurahisha wengine.

Dada anayekulelea watoto naye ana mama anayemngoja mahali fulani. Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na yeye ni mfanyakazi kama wewe. Kama anaenda kwao, mpe mshahara wake mapema, kabla nauli haijapanda, na kitu cha kubebea nyumbani. Kama mmekubaliana abaki, mlipe kwa hilo, na siku hiyo aketi meza moja na nyinyi, ale nyama ile mnayokula. Huwezi kuimba kwamba Mwokozi amekuja kwa ajili ya wanyonge, na mnyonge wa nyumbani kwako anakula mlangoni.

Tufanye nini wiki hii?

Ketini kama familia kabla ya safari. Andikeni kazi zote kwenye karatasi, hata zile zisizoonekana: kuchota maji, kuchambua mchele, kumenya vitunguu, kuosha sufuria. Kila jina lipate kazi, kuanzia baba wa nyumba. Kazi zinazoweza kufanywa tarehe 24 jioni zifanywe tarehe 24. Asubuhi ya 25 tuelekee nyumbani mwa Bwana wote; chakula kikichelewa kwa saa mbili, hakuna atakayekufa.

Mkiwa wachache, alikeni. Kutoka 12:4 inaonyesha kwamba nyumba iliyokuwa ndogo kwa mwana-kondoo mmoja ilishirikiana na jirani. Na mnaobarikiwa na kingi, Nehemia 8:10 inatukumbusha kumpelekea sehemu asiye na kitu.

Halafu chakula kikiwa mezani, kabla ya kuombea, baba au mzee wa nyumba atazame huku na huku aulize kwa sauti: "Aliyepika ameketi wapi?" Asipoonekana, msiombe kwanza. Mwendeeni.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Nyumbani kwetu, ni nani hukosa ibada ya Krismasi, na kwa sababu gani?
2. Je, yupo mtu ambaye hawezi kutuambia "nimechoka" bila kuogopa?
3. Mwaka huu mimi binafsi nitachukua kazi gani?

Tuombe

Baba, asante kwa mikono inayotulisha. Tusamehe tulipokula jasho la mtu na kuliita desturi. Utupe Krismasi ambayo hakuna mtu ameachwa nyuma ya mlango. Katika jina la Yesu, amina.