Kona Iliyo Ndani ya Ukuta

Bomba la plastiki linalotumika siku hizi katika nyumba nyingi za Marekani huuzwa likiwa limeviringwa kama kamba, na hata likishakunjuliwa hutamani kuurudia mviringo wake. Anayelipitisha baina ya nguzo za mbao za ukuta hulazimika kulishika kwa mikono miwili na kulibembeleza. Hukubali kupinda, lakini kwa kiasi. Watengenezaji wengi huagiza kwamba nusukipenyo cha kona kisipungue mara sita, au mara nane, ya kipenyo cha nje cha bomba. Bomba liitwalo la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha inchi 0.625, kwa hesabu ya mara nane, kona yake yataka nusukipenyo cha inchi 5. Likibanwa zaidi ya hapo hukunjika, njia ya maji ikasinyaa, na mahali pale pakabaki na kovu.

Tuseme mtu wa Dar es Salaam amenunua nyumba kuukuu mjini Columbus, Ohio, na kwa kuwa ujira wa fundi bomba huko si wa mchezo, ameamua kutengeneza jiko kwa mikono yake. Nyuma ya sinki nafasi ni finyu. Analisukuma bomba, linakunjika. Anafungulia maji, anasubiri saa nzima, halidondoki hata tone. Kesho ubao wa jasi utapigiliwa na kona ile haitaonekana tena. Dawa anaijua: kukata kipande kilichokunjika na kutia elbo. Ni kazi ya nusu saa na dola chache. Je, asipoifanya, amemkosea nani?

Jibu la haraka ni kwamba hajamkosea yeyote, maadamu nyumba ni yake. Jibu hilo lina upungufu. Nyumba huishi kuliko umiliki: itauzwa, itarithiwa, itapangishwa. Mnunuzi wa kitambaa hukishika na kukivuta kabla ya kutoa fedha. Mnunuzi wa nyumba hawezi kuupapasa ukuta kwa ndani. Zaidi ya hayo, mtu huyo wa baadaye hana jina wala sura, na pengine hajazaliwa. Kumdhulumu ni rahisi kwa sababu hayupo kulalamika.

Kanuni za ujenzi za huko, kwa ukavu wake wote, zinamkumbuka mtu huyo. Zinataka mabomba yajaribiwe kabla ya kufunikwa. Zinataka pia kwamba pale tundu la bomba linapokaribia ukingo wa nguzo kwa chini ya inchi moja na robo, kipigiliwe kibati cha chuma. Kibati hicho ni cha nani? Ni cha mtu atakayekuja siku moja na nyundo, atundike picha ya harusi ya bintiye, bila kujua kwamba msumari wake unaelekea kwenye maji. Ni nadra sheria kumfikiria mgeni kwa upole namna hiyo. Lakini hata mkaguzi hupima siku ya leo tu, na bomba lililokunjika laweza kufaulu mtihani wa leo.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha *Maadili ya Nikomako*, anataja rula ya risasi waliyoitumia wajenzi wa kisiwa cha Lesbos. Rula hiyo ilipinda kulifuata jiwe, naye akaifanya mfano wa uadilifu unaoizingatia hali yenyewe pale sheria ya jumla isipotosha. Mfano huo hupendwa na kila anayetafuta ruhusa ya kulegeza jambo. Husahauliwa kwamba rula ile ilipinda kwa ajili ya jiwe, ilhali kona ya Columbus imepindishwa kwa ajili ya haraka ya mwenye nyumba. Hata fundi wa Dar es Salaam anayelijaza mchanga bomba la PVC kabla ya kulipasha moto na kulikunja, ili lisibonyee, amelisikiliza bomba kuliko mwenzake huyo. Ingawa naye hulipunguza unene upande wa nje wa kona, na kwa bomba la maji yenye shinikizo afadhali angenunua elbo.

Lipo pingamizi zito zaidi. Kati ya 1978 na 1995 mamilioni ya nyumba za Marekani zilitiwa mabomba ya polibutilini. Mafundi wengi waliyapitisha kwa uangalifu wote na kona zao zilikuwa safi. Hata hivyo klorini ya maji ya mjini iliyala mabomba yale kutoka ndani hadi yakapasuka bila onyo, na mwaka 1995 suluhu ya mahakamani ikatenga dola milioni 950 kwa wenye nyumba. Waliotenda vema nyumba zao zilifurika, na huenda aliyebana kona yake Columbus asivujiwe kamwe. Bernard Williams na Thomas Nagel waliliita jambo hili, mwaka 1976, bahati ya kimaadili, na hakuna aliyelimaliza tangu hapo.

Mafuriko basi hayatoshi kuwa mizani. Kinachowatenga mafundi wale na mwenye nyumba wetu ni kile ambacho kila mmoja alikijua alipoufunga ukuta. Wao hawakuwa na namna ya kuiona klorini ikifanya kazi yake. Yeye kovu ameliona kwa macho, akalipitishia kidole. Bomba likidumu miaka 40, bahati itakuwa imemwokoa mpangaji, lakini haitakuwa imebadili alichokiamua yeye. Na kwake jambo bado ni jepesi kuliko lilivyokuwa kwao: ubao wa jasi ungali umeegemezwa ukumbini, na mkasi wa kukatia bomba umo mfukoni mwake.