Kuingia katika Umoja wa Vyama vya Misaada

 Limetufikia swali kutoka Segese, katika nchi ya Kahama, huko bara kwenye machimbo ya dhahabu. Twaona lafaa lisomwe na watu wa pwani pia, kwani wengi wetu wana watoto wao huko, na sadaka zipelekwazo huko hutoka katika mifuko yetu.

Jamaa wa msikiti mmoja wana chama chao kidogo. Hukusanya zaka na sadaka, hununua sanda, huwatazama wajane na mayatima wa wachimbaji waliofukiwa na mashimo. Sasa wameitwa waingie katika umoja wa vyama vya misaada, na ndani yake mna vyama vya makanisa, na Msalaba Mwekundu, na vyama vya watu wa Ulaya. Wamegawanyika mafungu mawili. Hawa wasema kuingia ni kujiweka chini ya wasio Waislamu. Na hawa wasema kukataa ni kuwaacha watu wafe kwa ajili ya jina. Wauliza: Je, yajuzu?

Twajibu ya kuwa yajuzu, kwa sharti tutakazozitaja. Walakini kwanza yapasa ijulikane umoja huo ni wa nini, maana wengi hubishana juu ya kitu wasichokijua.

Mwezi wa Machi 2015 mvua ya mawe na upepo iliipiga Mwakata, katika nchi hiyo hiyo ya Kahama, usiku watu wamelala; nyumba zikawaangukia wenyewe, wakafa zaidi ya watu 40. Siku kama hizo kila mwenye huruma huja na alicho nacho. Huyu aleta blanketi, na yule blanketi, na wa tatu blanketi vile vile. Nyumba iliyo kando ya njia hupata manne, na mama aliye mwisho wa kijiji hapati hata moja, wala hapana aliyekumbuka sufuria. Hii si khiyana ya mtu, ni kukosa shauri. Umoja ndio hilo shauri: daftari moja la nyumba zilizoanguka, na kila chama kijue fungu lake. Na mwezi wa Aprili 1994, walipovuka daraja la Rusumo watu yapata 250,000 kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja, ni msikiti gani, au kanisa gani, ungaliweza peke yake kuwapa maji tu?

Ama dalili ya kujuzu, ni Hilfu l-Fudhul. Mtu wa Zabid aliuza bidhaa yake Makka, mkubwa mmoja wa Makureshi akamnyima thamani yake. Wakakutana watu wa koo kadhaa katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kusimama na mwenye kudhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Mtume wetu alihudhuria, naye ni kijana. Atasema msemaji: hayo yalikuwa kabla ya Utume. Twamjibu: ndiyo, lakini baada ya Utume aliyasifu, na akasema ya kuwa lau angeitwa kwa mapatano kama hayo katika Uislamu angeitika, na hiyo ndiyo dalili yetu. Tena angalia waliapia nini. Waliapia jambo moja lijulikanalo. Hawakuapa kufuatana katika ibada wala katika kila amri.

Tena wasema: umoja una sharti kwamba mwenye shida asiulizwe dini yake. Sharti hiyo twaijua. Mwaka 1994 jamaa za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu na vyama vingine vikubwa walitangaza sharti kumi, na katika hizo ni kuwa msaada utolewe bila kubagua dini, wala usitumiwe kuvutia watu katika dini fulani. Ndugu zangu, sharti hiyo yamfunga mwenzetu kabla ya kutufunga sisi. Yatima wa Kiislamu aliye porini, akipewa unga, hatasomewa mahubiri juu ya unga huo. Nasi je, dini yetu yataka kununuliwa watu kwa kibaba cha mchele? Surat al-Insan yawasifu wamlishao mateka, na mateka wa siku zile walikuwa makafiri. Na mwezi wa Oktoba 2015, huko Nyangarata, karibu na hao watuulizao, wachimbaji sita walifukiwa, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Mtu aitaye kutoka chini ya ardhi huitikwa kwanza. Dini yake itajulikana akiisha kutoka.

Wala si jambo jipya. Islamic Relief, iliyoanzishwa na Waislamu huko Birmingham mwaka 1984, tangu mwaka 2005 imo katika kamati ya maafa ya Uingereza pamoja na Christian Aid na CAFOD, wala hatukusikia ya kuwa imeacha sala.

Lakini pana jambo zito, nalo ni zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, zaka haipewi asiye Mwislamu, na zaka ya fitri vivyo hivyo. Na kauli iliyo na nguvu ni kuwa haihamishwi kutoka mji wake ikiwa wamo wenye kustahiki. Umoja ukisema, leteni fedha zote katika sanduku moja, tutazigawa Dar es Salaam, basi hapo tumekula amana ya watu, hata kama shilingi zote zimefika kwa wenye njaa. Sadaka ya khiari yawafaa Waislamu na wasio Waislamu, na Surat al-Baqara aya ya 272 yatosha kwa hilo. Kwa hiyo ni masanduku mawili na madaftari mawili, na wakfu hufuata sharti ya aliyeuweka.

Na hapa nitasema neno ambalo huenda likawachukiza baadhi. Umoja hutaka hesabu zikaguliwe kila mwaka na mtu wa nje. Nimewasikia wapigao kelele juu ya makafiri, nami nachelea baadhi yao hawaogopi msalaba, waogopa daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani yaamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Vipi tuandike mkopo wa dukani na mali ya yatima tuiache kichwani mwa mtu mmoja?

Basi jamaa wa Segese waandike katika barua yao ya kuingia: tutashirikiana katika kuokoa, kulisha, kutibu na kuzika, zaka yetu tutaigawa wenyewe, na hesabu yake tutawaonyesha. Wakikubaliwa, waingie. Wakiambiwa sanduku ni moja tu, wakae nje, na siku ya maafa waende na majembe yao vivyo hivyo, wafukue pamoja na wenzao.