Kitabu Nilichochoma Bila Kukisoma

Masomo ya kusoma nyumbani: Matendo 19:18–20, 2 Samweli 12:1–7, Kutoka 22:6

Juma hili naanza na deni langu mwenyewe.

Mama mmoja wa kanisa letu hapa Bahati alinijia Jumatano jioni baada ya maombi, amebeba kitu amekifunga kwa leso. Akafungua. Kitabu kikubwa, jalada gumu, na juu yake joka limefungua mdomo. “Pasta,” akasema, “hii kitu nimeitoa chini ya kitanda cha kijana. Siwezi kulala nayo kwa nyumba.” Kijana mwenyewe amemaliza kidato cha nne, ana miaka 19. Nilikitazama kile kitabu labda dakika mbili. Nikakumbuka joka la Ufunuo 12. Tukaomba, tukaenda nyuma ya jikoni, tukakichoma. Karatasi za kung'aa hazishiki moto upesi, ilibidi tumwagie mafuta taa.

Jumapili kijana alinisubiri nje ya lango. Hakupandisha sauti. Alisema alikuwa amevuna viazi upande wa Dundori wiki mbili ndipo akapata shilingi 1,500 za kukinunua Nakuru mjini, kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba. Kisha akauliza, “Pasta, ulisoma ukurasa gani?”

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu naandika.

Sisi tuliokua miaka ya tisini tunajua hofu hii imetoka wapi. Mwaka 1994 Rais Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikafika Bungeni 1999. Katika shule za bweni tuliambiwa tuangalie pete, muziki na picha. Wengine wetu bado tunaangalia pete mpaka leo. Marekani nao walipitia yao kabla yetu. Mama mmoja alimpoteza mwanawe kwa kujiua mwaka 1982, akaamini mchezo huu ndio uliomuua, akaanzisha chama cha kuupinga. Waliochunguza madai kama hayo hawakuona kwamba mchezo ndio chanzo. Lakini simcheki yule mama. Mzazi aliyezika mtoto anatafuta jibu popote.

Mchezo wenyewe ni nini? Unaitwa Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na michezo mingi ya aina hiyo imezaliwa kutoka kwake. Baada ya yale ya langoni nilimwomba kijana anionyeshe, naye, Mungu ambariki, akakubali. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika kwa karatasi: jina, nguvu zake, udhaifu wake. Msimulizi anasema, mmefika mtoni, daraja limevunjika, ng'ambo kuna mzee analia. Mnafanya nini? Kila mtu anasema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha dadu, moja ina pande 20, na dadu inaamua kama umefaulu. Hakuna pesa mezani. Hakuna hata mshindi.

Kuhusu dadu sitakaa sana. Mathia aliingia katika wale kumi na wawili kwa kura, Matendo 1:26, na ludo tunacheza nyumbani kila Krismasi. Na hebu tuseme ukweli, kijana anayeweka mia mbili kwa simu kila Jumamosi kubashiri mechi hatumwiti mbele, lakini huyu wa dadu isiyo na pesa tunamchomea kitabu.

Kuhusu uchawi sitaficha. Umo. Kuna wahusika ambao ni wachawi, na mashetani wameandikwa kwa majina. Toleo la mwaka 1989 lilibadilisha majina hayo kwa sababu ya malalamiko ya wazazi, baadaye yakarudishwa. Asiyetaka kusoma mambo hayo, dhamiri yake ikimzuia, asisome, Warumi 14 iko wazi. Lakini “uchawi” wa kile kitabu nimeuona. Mpira wa moto umeandikwa kwamba unarusha dadu nane na kujumlisha. Ukizirusha, unapata hesabu tu. Kitu pekee kilichoungua katika habari hii yote nilikiwasha mimi.

Swali lililonisumbua ni lingine. Mtu akikaa mezani aseme “mimi ni mwizi, naingia ghalani usiku,” amedanganya? Ametenda dhambi?

Uongo unahitaji mtu wa kudanganywa. Pasaka tukifanya mchezo wa mateso ya Bwana, lazima kijana fulani awe Yuda. Anachukua vipande vya fedha, anabusu, watoto wa Sunday School wanamzomea, halafu anakuja kunywa chai na sisi. Hakuna aliyedanganywa, na hatumwambii atubu. Ezekieli 4 aliambiwa achukue tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu, auzingire kwa boma na majeshi, aweke sufuria ya chuma iwe ukuta. Mtu mzima, nabii, amekaa chini anazingira tofali. Angefanya hivyo hapa Bahati tungemwitia ndugu zake.

Nilidhani hapo nimemaliza. Sikuwa nimemaliza, kwa sababu Yuda wa Pasaka hachagui. Maneno ameandikiwa. Mezani unachagua mwenyewe.

Jumamosi ile nilikaa pembeni nikiangalia. Walikuwa vijana wanne na msichana mmoja, na sitasema makabila yao, ila walioishi Nakuru Januari 2008 wanajua meza ya namna hiyo si jambo dogo. Katika hadithi walimkamata jambazi aliyewaibia. Jambazi akatupa kisu, akapiga magoti. Kijana mmoja akasema, bila kufikiri, “Namkata kichwa.” Wengine wakacheka. Msichana akasema, “Amejisalimisha. Mimi nasimama mbele yake.” Kicheko kikaisha. Walibishana karibu nusu saa: kama adui anayejisalimisha bado ni adui, nani atamlinda usiku, atarudi na wenzake au hatarudi. Hakuna kipindi changu cha vijana kilichowahi kuwafanya wabishane hivyo juu ya rehema.

Sasa yule aliyesema “namkata kichwa,” ameua? Bwana wetu katika Mathayo 5 anapeleka hukumu mpaka moyoni, kwa hivyo hatuwezi kujibu haraka “ni mchezo tu.” Lakini tazama Nathani alivyofanya. Alimwendea Daudi na hadithi ya tajiri aliyechukua mwana-kondoo wa maskini. Tajiri huyo hakuwako. Daudi akaingia ndani ya hadithi mzima mzima, akakasirika, akatoa hukumu ya kifo, na Nathani akamgeuzia hukumu hiyo hiyo. Hakumwambia, “Pole, ilikuwa hadithi tu.” Alichosema Daudi ndani ya hadithi kilikuwa cha Daudi kweli.

Mimi naona hivi. Yule kijana hakuua mtu, na asipelekwe mbele kwa maombi ya damu. Lakini alisikia kilichotoka kinywani mwake kabla hajafikiri, na wenzake wakakisikia. Baadaye alinifuata akasema hakujua ana hilo ndani yake. Nyumba nyingi hapa kwetu zingeshukuru kama vijana wake wangejua hivyo mezani, juu ya jambazi asiyekuwako, badala ya kujua barabarani.

Turudi Matendo 19, maana ndilo andiko nililojitetea nalo. Waefeso walichoma vitabu, thamani yake vipande elfu hamsini vya fedha. Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi na sikuwahi kuona neno moja dogo: walikusanya vitabu vyao. Walioamini walikuja wenyewe, wakaungama wenyewe, hasara ikawa yao. Hakuna mahali Paulo ametumwa chini ya kitanda cha mtu. Mimi nilichoma jasho la mwingine. Na Kutoka 22:6 inasema juu ya moto unaoteketeza mazao ya jirani: aliyeuwasha sharti alipe.

Kwa hivyo nalipa. Nimejifunza bei. Kitabu kipya cha mchezaji kimeandikwa dola 50 hivi Marekani, yaani zaidi ya shilingi elfu sita kabla ya kukisafirisha. Kuna cha msimulizi na cha viumbe, bei karibu hiyo hiyo. Mzazi akiniuliza, nitamwambia hiyo ni karo, usinunue vitatu. Kimoja kinatosha meza nzima, na kuanza hakuhitaji hata hicho. Tangu Januari 2023 wenye mchezo wameachilia kanuni za msingi zisomwe na kutumiwa na yeyote bure. Zichapishe kurasa chache za kwanza kwa saiba, tafuta penseli, dadu na watu wanne wenye subira. Kuna hata mchezo wa Wakristo wa mwaka 1984, DragonRaid, ambao wachezaji wanashinda kwa kukariri maandiko. Wazo zuri, ingawa sidhani jina la Kikristo juu ya jalada linabadilisha moyo wa anayekaa mezani.

Lakini kijana wangu hana deni la kanuni za bure. Alikuwa na kitabu, na lazima awe na kitabu. Nimeagiza kupitia ndugu aliyeko ng'ambo.

Mama bado hajakubali kiingie kwake, na nyumba ni yake, simlazimishi. Nilimwomba radhi yeye pia, maana nilimfanya achome mali ya mwanawe akidhani pasta anajua anachofanya. Kitakaa kwangu, kwa rafu, kando ya Itifaki ya Biblia. Vijana watakuja Jumamosi saa nane. Wamesema nikitaka kukaa nao lazima na mimi niwe na mhusika. Karatasi ninayo hapa, nimeshajaza nguvu na udhaifu. Jina ndilo limenishinda.