Aibu ni ya Nani?

Andiko: 2 Samweli 13:1–22. Soma pia Kumbukumbu la Torati 22:25–27 na Mithali 31:8.

Wapendwa, kisa cha Tamari hakisomwi sana madhabahuni. Tunakiruka haraka twende kwa Daudi na Goliathi. Lakini Roho Mtakatifu hakukiruka. Kama kimo ndani ya Biblia, basi kina neno kwetu sisi wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa, ambako habari ya mtoto aliyebakwa inasomwa redioni kama bei ya nyanya, halafu muziki unaendelea.

Hebu tukumbushane. Amnoni, kifungua mimba wa Daudi, alimtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja. Akajifanya mgonjwa. Baba mwenyewe akamtuma binti aende akampikie ndugu yake mikate. Chakula kilipofika, Amnoni aliwatoa watu wote nje, akamshika. Tamari alikataa. Alimsihi, alimpa sababu, alimwambia kwamba katika Israeli jambo kama hilo halifanywi. Amnoni hakusikia. Alikuwa na nguvu kuliko yeye, akambaka. Kisha akamchukia, akaamuru atolewe nje na mlango ukomewe.

BIBLIA INARIPOTIJE?

Nataka muangalie jinsi mwandishi wa Biblia anavyoileta habari hii. Anamtaja mkosaji kwa jina na kwa ukoo, ingawa ni mtoto wa mfalme. Anamtaja aliyempa shauri, Yonadabu. Anasema nani alimtuma binti na alikwenda kufanya nini. Anaandika kwamba alikataa na alisema nini alipokataa. Nguo yake ameitaja, lakini ili tujue aliirarua kwa uchungu, akajitia majivu kichwani akaenda akilia njiani. Hakuna mahali mwandishi anauliza, "Na huyu msichana, chumbani kwa mwanamume alifuata nini?"

Sasa fungua gazeti letu, ama redio. Utasikia, "Msichana wa darasa la saba apachikwa mimba." Na nani? Kimya. Utasikia, "Mwanamume ashikwa kwa kufanya mapenzi na mtoto wa miaka kumi." Mapenzi? Mapenzi yako wapi hapo? Mtu akikuvunjia duka usiku, hakuna mtangazaji atakayesema alikuja kufanya biashara na wewe.

Hata neno letu la kawaida tulitazame vizuri. Tunasema mtoto "amenajisiwa". Sisi watu wa Biblia tunajua najisi ni nini: ni kitu kichafu, kisichoruhusiwa kuingia hekaluni. Basi mtoto anaumizwa na mtu mwingine, na neno la uchafu linabandikwa juu yake yeye. Ndiyo, ni neno la mahakamani na tutaendelea kulisikia. Lakini nyumbani na kanisani tuseme wazi: mtoto si najisi. Aliyetenda ndiye mwenye uchafu wa kutubu.

UPANDE MMOJA WA LEJA

Mimi nilisomea biashara, na somo la kwanza la hesabu ni kwamba kila kiingilio kina pande mbili. Ukiandika upande mmoja tu, vitabu havitalingana hata ukeshe.

Mwishoni mwa mwaka 2018, wakati wa mitihani ya taifa, nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya Kilifi kwa sababu ya wasichana waliokuwa wakifanya mtihani wakiwa wajawazito. Zikahesabiwa mimba. Tukaambiwa watoto wa pwani wameharibika, ni disko matanga, ni simu, ni uvivu wa wazazi. Upande wa pili wa leja ulibaki mtupu. Wanaume walihesabiwa na nani?

Kuna picha nyingine ambayo dunia inapenda kupiga hapa kwetu: mzungu mzee ufuoni, ameshikana mkono na msichana mdogo. Jambo hilo lipo, nasi tunalijua. Mwaka 2006 serikali yetu pamoja na UNICEF walitoa ripoti juu ya unyonyaji wa watoto kingono Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani. Walikadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 walikuwa wamenaswa humo. Lakini ripoti hiyohiyo ilisema kundi kubwa zaidi la wanaume waliowanunua lilikuwa Wakenya wenzetu, karibu 4 kati ya 10, mbele ya Waitaliano na Wajerumani. Picha ya mzungu inauza gazeti. Pia inatupa sisi usingizi, tukidhani mwovu huja kwa ndege. Amnoni hakuja kwa ndege. Alikuwa ndani ya ukoo, na baba alimwamini.

SHERIA INASEMAJE?

Wengine wetu tukisikia sheria tunaona mambo ya dunia. Lakini Kumbukumbu la Torati inafananisha kubaka na mtu kumwinukia jirani yake akamuua, na inasema binti aliyelia shambani bila wa kumwokoa hana hatia. Hiyo ni sheria, na ni Neno.

Kenya tuna Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Mswada ulipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 10. Kwa mtoto wa miaka 11 kushuka chini, ni kifungo cha maisha. Miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Na mtoto ni mtoto, wa kike na wa kiume. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisema majaji hawana ruhusa ya kushuka chini ya vifungo hivyo.

Lakini sheria iliyo kitabuni inahitaji mtu wa kuisimamisha. Mwezi wa Aprili 2016, hapa hapa katika Mahakama Kuu ya Malindi, Jaji Said Chitembwe alimwachilia mwanamume aliyekuwa amefungwa miaka 20 kwa kosa lililomhusu msichana wa miaka 13. Jaji aliona kwamba msichana alijipeleka mwenyewe, alifurahia, na alijiendesha kama mtu mzima. Sheria inampa mshtakiwa nafasi ya kujitetea kwamba alidanganywa kuhusu umri. Lakini wapendwa, mtoto wa miaka 13 hawi mtu mzima kwa sababu mtu mzima amemfundisha ya watu wazima. Shirika la kimataifa la Women's Link Worldwide liliitaja hukumu hiyo kati ya zile mbaya zaidi kwa wanawake. Huku mitaani neno lililobaki midomoni lilikuwa moja tu: "alifurahia". Kesi ilianza ikimhusu mwanamume, ikaisha ikimhusu mtoto.

Vyombo vya habari vikitaka, vinaweza kusaidia. Mwaka 2013 msichana wa miaka 16 kule Busia alibakwa na kundi la vijana akitoka matangani, wakamtupa kwenye shimo la choo. Polisi waliwapa washukiwa adhabu ya kukata nyasi za kituo, wakawaachilia. Mwandishi Njeri Rugene wa Daily Nation aliifuatilia habari ile. Alimpa msichana jina la kumficha, Liz, na akauliza maswali kuhusu vijana na polisi. Zaidi ya watu milioni moja duniani walitia sahihi kudai haki, na mwaka 2015 watatu walifungwa miaka 15 kila mmoja. Mtoto alifichwa, uovu ukawekwa wazi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Na msiseme hayo ni ya waandishi pekee. Siku hizi sisi sote ni vyombo vya habari. Picha ya mtoto aliyeumizwa ikiingia kwenye grupu ya WhatsApp, ya mtaa au hata ya akina mama wa kanisa, ukaisambaza na maneno "tumwombee", umemvua nguo mara ya pili. Futa. Ombea bila picha.

"NA YULE MKE WA POTIFA?"

Najua kuna ndugu anasema moyoni, "Pasta, wengine husingiziwa. Yusufu je?" Ni kweli, na kusingizia ni dhambi na ni kosa la jinai. Lakini soma Mwanzo 39 vizuri. Aliyesingizia alikuwa mwenye nyumba, aliyefungwa alikuwa mtumwa. Mwenye nguvu ndiye aliyeaminiwa bila uchunguzi. Yusufu na Tamari walihitaji kitu kimoja: mtu wa kuchunguza bila kuangalia nani ni mkubwa. Ukimpenda Yusufu, utataka upelelezi mzuri. Hutataka mtoto anyamazishwe.

DAUDI ALIKASIRIKA TU

Absalomu alimwambia dada yake anyamaze, kwani mtendaji ni ndugu yake. Daudi, mfalme na mwamuzi wa nchi, alisikia yote. Biblia inasema alikasirika sana. Basi. Hakumwita Amnoni, hakumwita Tamari. Tamari akakaa ukiwa nyumbani kwa nduguye, na baada ya miaka miwili kimya kile kikazaa damu.

Huku kwetu kimya kina jina zuri, kinaitwa kumaliza mambo nyumbani. Wazee wanaketi chini ya mwembe, mnazi unaletwa, mbuzi wanahesabiwa, baba anatia pesa mfukoni, na mtoto anapita kila siku mbele ya nyumba ya yule mtu akienda kuchota maji. Jueni hili: kesi ya ngono haimalizwi na wazee, wala na mchungaji, wala na afisa wa polisi kituoni. Kifungu cha 40 cha sheria ile kinaweka uamuzi wa kusimamisha kesi juu ya kiongozi wa mashtaka wa serikali, si mtu mwingine.

Juzi, baada ya maombi ya Jumatano, mama mmoja alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pasta, nikienda polisi, mtoto wangu ataolewa na nani?" Nilimwambia, "Mama, katika jambo lote hili, kuna mtu amemuuliza mama wa yule mwanamume kijana wake atapewa mke na nani?" Akanyamaza. Hakuna aliyeuliza. Hapo ndipo utajua tumeiweka aibu kwenye nyumba isiyo yake. Tulikwenda pamoja asubuhi yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mpeleke hospitali ya serikali mapema, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na mimba. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, usitumie wa plastiki. Daktari ajaze fomu za uchunguzi. Matibabu hayo sheria imeyaweka juu ya serikali, na fomu ya P3 hailipiwi.

Pili, ripoti polisi na upewe nambari ya OB. Ukikwama, piga 1195, au 116 kwa habari ya mtoto. Simu hizo ni za bure. Ushahidi wa mtoto peke yake unaweza kumtia mtu hatiani kama hakimu ameridhika kwamba anasema kweli, kwa hivyo usiambiwe "hakuna shahidi".

Tatu, usimwache mama aende kortini peke yake. Kesi huahirishwa, nauli huisha, mashahidi huchoka. Yule mjane wa Luka 18 alishinda kwa kurudi na kurudi. Washirika, tuwe watu wa kurudi naye.

Nne, ndani ya kanisa hili. Mimi na Mchungaji Kiongozi tumekubaliana, nanyi mlishike: mtenda kazi yeyote akishtakiwa kumgusa mtoto, awe mwalimu wa Sunday School, mpiga kinanda, mzee au mchungaji, anaachia huduma siku hiyo na tunakwenda polisi. Hatahamishiwa tawi lingine. Tangu Shakahola mwaka 2023, sisi wa kanda hii tunajua gharama ya kumwambia mtu anyamaze kwa sababu ni mambo ya kanisa.

Na kwako wewe unayesoma haya, wewe ambaye yalikupata zamani na hujawahi kumwambia mtu: majivu yale hayakuwa yako kuvaa. Bwana aliona mlango ulipofungwa, na aliandika habari yako kwa upande wako.

Tuombe. Baba, umehesabu machozi ya Tamari na ya watoto wetu. Tuondolee hasira ya Daudi isiyofanya kitu, na ushauri wa Absalomu wa kunyamaza. Fungua vinywa vyetu kwa ajili yao. Wape mahakimu wetu hekima, waandishi wetu ukweli, na wazazi wetu ujasiri. Aibu uirudishe kwa mwenyewe, ili akatubu. Katika jina la Yesu, Amina.