Bunduki Langoni na Deni la Mlinzi



Hapa Uganda mlinzi mwenye bunduki si jambo geni. Yuko benki, yuko kituo cha mafuta, yuko kwenye maduka makubwa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha kule Mpondwe, karibu na mpaka wa Kongo, wakachoma bweni na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo ni haki ya mzazi kuuliza: ikiwa fedha zinalindwa kwa bunduki, kwa nini mwanangu alindwe kwa rungu?

Sina jibu la kumfunga mdomo mzazi huyo. Swali langu ni jingine. Tukishamweka mlinzi huyo, tutakuwa tunamdai nini?

Katika jimbo la Texas, Marekani, jambo hili limeshawekwa kwenye sheria. Mei 2022 kijana mmoja aliingia shule ya msingi mjini Uvalde akaua watoto 19 na walimu 2. Maofisa 376 walifika na silaha zao, lakini zilipita dakika 77 kabla muuaji hajakabiliwa na kuuawa. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likaamuru kila shule ya serikali iwe na ofisa mwenye silaha saa za masomo, na kutoa dola 15,000 kwa kila shule, kiasi kisichofikia mshahara wa ofisa mmoja. Yaani 376 hawakutosha, basi aongezwe mmoja.

Mtetezi wa sheria atasema aliye ndani ya shule hufika upesi. Ni kweli. Lakini Parkland, Florida, mwaka 2018, ofisa mwenye bunduki alikuwepo shuleni. Watu 17 waliuawa, naye alibaki nje ya jengo. Alishitakiwa, na mwaka 2023 wazee wa baraza wakamwona hana hatia.

Wengi walimwita mwoga. Mimi naona suala ni zito zaidi ya hapo. Mkataba unaweza kumtaka mtu avae sare, awahi zamu, ajue kulenga shabaha. Kuukimbilia mlio wa risasi kwa ajili ya mtoto wa mwenzio hakuandikwi kwenye mkataba. Sisi tunamlipa kidogo, jina lake hatulijui, asubuhi tunampita bila hata salamu (tuseme kweli, hata hapa chuoni), kisha siku ya msiba tunamdai roho yake. Na wapo walioilipa. Garissa, Aprili 2015, walinzi wa langoni ndio waliotangulia kupigwa risasi, na waliouawa siku ile wakafika 148.

Tumefundishwa juu ya faradhi kifaya: wakisimama wachache, wengine huondokewa na dhambi. Naona tunaitumia vibaya, kana kwamba ukishachanga ada ya ulinzi umemaliza. Hebu tazama swala ya khofu. Kundi moja linaswali, jingine limesimama likimtazama adui, kisha wanapokezana. Silaha zimo, tena zimebebwa ndani ya swala yenyewe, kwa hiyo asiyetaka kabisa kusikia habari ya bunduki asije kutafuta hoja hapo. Lakini anayelinda ni mmoja wa wanaoswali, na anayeswali ndiye atakayeshika zamu baadaye. Hakuna aliyekodiwa kusimama juani ili wengine wapate thawabu.

Sisemi vijana wa kidato cha pili wapewe bunduki, Mungu apishie mbali. Wala sisemi shule za mpakani ziachwe wazi. Pale naunga mkono walinzi wenye silaha, hata kesho. Ila bodi ya shule ikikaa kupanga bei ya bunduki, ningependa mjumbe mmoja aulize kama mlinzi anakula chakula kile kile cha walimu, familia yake itatunzwa na nani akiuawa, na kama mtoto wake anaweza kusoma shule hiyo bila karo.